Probiotiki kwa Mwanamichezo: Namna ya Kuchagua, Kujaribu na Kuamua Kuacha

Vidonge na unga wa probiotiki, yaani vijidudu hai vya kumezwa kwa ajili ya afya, huuzwa kwa wanamichezo kwa ahadi kubwa: kwamba vitatuliza inflamesheni, yaani ile hali ya mwili kuwaka na kuuma kwa ndani baada ya mazoezi makali, na kwamba misuli itapona upesi zaidi. Mwongozo huu umeandikwa kwa mkimbiaji, mwendesha baiskeli au mchezaji wa mpira anayefikiria kununua chupa yake ya kwanza, na kwa kocha anayeulizwa mara kwa mara kama fedha hizo zitaleta faida yoyote. Nautanguliza msimamo wangu ili msomaji ajue anakopelekwa: probiotiki ni bidhaa ya utumbo kabla ya kuwa bidhaa ya misuli, na anayeinunua kwa sababu ya tumbo lake ana nafasi kubwa zaidi ya kufaidika kuliko anayeinunua kwa sababu ya mapaja yanayouma.

Jua kwanza ni inflamesheni ipi inayokusumbua

Baada ya mazoezi magumu hutokea mambo mawili tofauti mwilini, na wengi huyachanganya. La kwanza ni la misuli yenyewe. Nyuzi za misuli hupata michubuko midogo, hasa katika kukimbia mteremko au kushusha chuma polepole, kisha chembe za kinga huja kusafisha na kujenga upya. Maumivu yake hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baadaye. Katika mbio ndefu misuli pia humwaga kwenye damu kemikali iitwayo interlukini-6, ambayo baada ya marathoni inaweza kupanda hata mara 100 ya kiwango cha mtu aliyepumzika. Ukiiona namba hiyo kwenye karatasi ya maabara unaweza kuogopa, lakini watafiti wa Denmark wakiongozwa na Bente Klarlund Pedersen walionyesha kwamba interlukini-6 inayotoka kwenye misuli inayofanya kazi hufuatwa na vitu vinavyotuliza inflamesheni, ikiwamo interlukini-10. Sehemu kubwa ya mchakato huu, kwa hiyo, ndiyo njia ambayo mwili hutumia kujifunza kutokana na mazoezi. Mwaka 2009 utafiti wa Ujerumani ulionyesha kwamba vijana waliomeza dozi kubwa za vitamini C na E wakati wa mazoezi ya wiki nne walikosa baadhi ya manufaa ambayo wenzao waliyapata, hasa katika namna mwili unavyoitikia insulini. Mtu anayetafuta kidonge cha kuzima kila dalili ya inflamesheni baada ya kila zoezi anapaswa kujiuliza kama hazimi pia kile alichokifuata uwanjani.

La pili ni la utumbo, na hapa ndipo probiotiki ina njia ya kuingilia. Unapokimbia kwa kasi kubwa kwa muda mrefu, damu huelekezwa kwenye misuli na kwenye ngozi ili kupoza mwili, na ile inayokwenda kwenye utumbo inaweza kupungua kwa hadi takriban asilimia 80. Chembe zinazopanga ukuta wa utumbo hukosa oksijeni, maungio kati ya chembe hizo hulegea, na joto la ndani linapopita nyuzi 39 hali huzidi kuwa mbaya. Vipande vya bakteria vinavyoitwa endotoksini, ambavyo kwa kawaida hubaki ndani ya utumbo, hupenya na kuingia kwenye damu, na kinga ya mwili huvipokea kama dalili ya uvamizi. Matokeo yake mwanamichezo huyajua vizuri: kichefuchefu katika kilomita za mwisho, tumbo kukatakata, kuharisha, na wakati mwingine uchovu wa ajabu unaoendelea siku kadhaa baada ya mbio zenye joto kali. Inflamesheni ya namna hii haimfundishi mtu chochote, na kuipunguza ni jambo la busara.

Utafiti unaonyesha nini hasa

Sitazirundika hapa tafiti zote, kwa sababu nyingi ni ndogo na hutumia bakteria tofauti, jambo linalofanya iwe vigumu kuzilinganisha. Zipo chache zinazotosha kumwongoza mnunuzi.

Nchini Finland, wakimbiaji 141 waliokuwa wakijiandaa kwa marathoni ya Helsinki walipewa *Lactobacillus rhamnosus* GG au bidhaa isiyo na bakteria kwa miezi mitatu. Idadi ya mafua haikutofautiana. Kilichotofautiana ni muda wa matatizo ya tumbo: katika wiki mbili baada ya mbio, kila tukio lilidumu kwa wastani wa siku moja kwa waliotumia probiotiki, na siku 2.3 kwa wengine. Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuata wakimbiaji 24 waliotumia mchanganyiko wa probiotiki kwa siku 28 kabla ya kukimbia marathoni. Waliotumia walikuwa na dalili chache za tumbo katika theluthi ya mwisho ya mbio, na kasi yao haikushuka sana katika sehemu hiyo, ingawa muda wa kumaliza haukutofautiana. Lakini vipimo vya damu vya interlukini-6, interlukini-8 na interlukini-10 vilipanda sawasawa katika makundi yote mawili. Kwangu mimi huu ndio ushahidi unaofundisha zaidi kuliko mwingine: tumbo lilipata nafuu huku inflamesheni inayoonekana kwenye damu ikibaki vilevile.

Yapo pia matokeo yanayoelekea upande mwingine. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2016, wanaume 15 wazoefu wa kunyanyua vyuma walitumia *Streptococcus thermophilus* FP4 pamoja na *Bifidobacterium breve* BR03 kwa wiki tatu, kisha wakachoshwa misuli ya mikono kwa makusudi. Interlukini-6 yao ilikuwa chini kidogo na nguvu ya mikono haikuporomoka sana katika siku zilizofuata. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini watu 15 ni wachache, na hayawezi kuhamishiwa kwa bakteria mwingine yeyote aliye kwenye chupa nyingine.

Upande wa mafua na koo, ambao pia humgusa mwanamichezo kwa sababu mzigo mkubwa wa mazoezi huambatana na maambukizo ya njia ya hewa, hali ni nzuri zaidi kidogo. Wakimbiaji 20 wa kiwango cha juu huko Australia waliotumia *Lactobacillus fermentum* VRI-003 wakati wa baridi walikuwa na jumla ya siku 30 za dalili, ikilinganishwa na siku 72 walipotumia kidonge bandia. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, katika tamko lake la mwaka 2018 kuhusu virutubisho vya nyongeza, iliuita ushahidi wa probiotiki kwa kinga ya mwanamichezo kuwa wa wastani, na ikataja kiasi cha bakteria hai bilioni 10 kwa siku.

Kabla ya kufungua pochi

Jiulize ikiwa una tatizo ambalo probiotiki inaweza kuligusa. Mtu ambaye tumbo lake humsumbua katika mbio ndefu au siku za joto, anayeugua mafua kila anapoongeza kilomita, au anayekaribia safari ya ndege kwenda kushindana katika nchi yenye chakula na maji asiyoyazoea, ana sababu ya kujaribu. Mtu ambaye tatizo lake ni magoti, kano ya kisigino au maumivu ya misuli baada ya kuongeza mzigo ghafla anahitaji kocha au mtaalamu wa viungo, na chupa haitamsaidia.

Kuna mambo manne ambayo huathiri inflamesheni ya mazoezi kuliko probiotiki yoyote ninayoifahamu. Usingizi wa saa saba hadi tisa ni la kwanza. Wanga wa kutosha ni la pili: kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa katika mazoezi yanayozidi saa moja na nusu hupunguza kupanda kwa interlukini-6, na anayekimbia mbio ndefu akiwa na njaa kwa makusudi anajitafutia mwako huo mwenyewe. La tatu ni maji na kuzoea joto. La nne halipendwi kusikika, nalo ni dawa za maumivu.

Wakimbiaji wengi humeza ibuprofeni au diklofenaki kabla ya mbio kama sehemu ya maandalizi, wakiamini kwamba wanazuia maumivu. Dawa hizi hudhoofisha ukuta wa utumbo uleule ambao tayari umenyimwa damu. Watafiti walipowapima wakimbiaji wa mbio za kilomita 160 za Western States huko California, waliotumia ibuprofeni walikuwa na endotoksini na viashiria vya inflamesheni vingi zaidi kwenye damu kuliko wasioitumia, na majeraha na maumivu ya misuli yao hayakuwa pungufu kuliko ya wenzao. Kumeza probiotiki asubuhi na ibuprofeni kwenye mstari wa kuanzia ni kulipia ukarabati na ubomoaji kwa siku moja. Acha dawa hizo kwanza, isipokuwa daktari amekuandikia. Huenda hutahitaji kununua kitu kingine.

Zaidi ya hayo, katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki tumbo linalovurugika mara kwa mara lina sababu nyingine za kawaida sana: giardia, amiba, minyoo, vidonda vya tumbo vinavyotokana na *Helicobacter pylori*. Hakuna kati ya hizo inayotibiwa kwa probiotiki. Ukiona damu kwenye choo, uzito unapungua bila sababu, homa inakuja na kuondoka, au kuharisha kunakuamsha usiku, nenda ukapimwe choo na damu. Kipimo cha choo ni nafuu kuliko chupa nyingi za probiotiki.

Kusoma lebo

Mwaka 2001 wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani walikubaliana kwamba probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humpa mtumiaji faida ya kiafya. Katika maana hiyo fupi yamo maswali yote ya kuiuliza lebo: ni kijidudu gani, kipo hai, ni kiasi gani, na faida ipi imethibitishwa.

Jina kamili la bakteria lina sehemu tatu: jenasi (kundi kubwa), spishi (aina ndani ya kundi hilo) na nasaba (tawi mahususi la aina hiyo). Chukua mfano wa *Lacticaseibacillus rhamnosus* GG. Neno la kwanza ni jenasi, la pili ni spishi, na herufi za mwisho ni nasaba. Nasaba ndiyo iliyofanyiwa utafiti, wala si jenasi nzima, na ndugu wawili wa spishi moja wanaweza kutofautiana katika kazi wanayoifanya mwilini. Usishangae ukiona majina mawili kwa bakteria mmoja: mwaka 2020 wanasayansi waliigawa jenasi kubwa ya *Lactobacillus* katika jenasi 25, kwa hiyo bidhaa za zamani na za sasa zinaweza kuwa na lebo tofauti ilhali kilicho ndani ni kilekile.

Tuseme umesimama mbele ya kaunta ya duka la dawa ukiwa na chupa mbili mkononi. Ya kwanza imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ina bilioni 50 na aina 15 za bakteria rafiki; ukigeuza nyuma unakuta majina ya *Lactobacillus* na *Bifidobacterium* bila nasaba hata moja, na maandishi madogo yanayosema kiasi hicho kilipimwa wakati wa kutengenezwa. Ya pili ina aina moja tu, nasaba yake imeandikwa, kiasi ni bilioni 10, na imeeleza kwamba kiasi hicho kinadumu hadi tarehe ya mwisho wa matumizi. Chukua ya pili. Bilioni 50 za siku ya kiwandani zinaweza kubaki sehemu ndogo tu baada ya safari ya meli, ghala lenye joto na miezi kadhaa kwenye rafu inayopigwa na jua la mchana, na wingi wa aina si ushahidi wa lolote. Kiasi hicho huandikwa kwa kifupisho CFU, ambacho huhesabu vijidudu vinavyoweza kuzaliana. Tafiti nyingi za wanamichezo zimetumia kati ya bilioni 1 na bilioni 100 kwa siku.

Joto la pwani na la bonde la ufa ni adui wa bidhaa hizi, na jambo hili halitiliwi mkazo wa kutosha. Bakteria wa jenasi za *Lactobacillus* na *Bifidobacterium* waliokaushwa huishi vizuri mahali pa baridi na pakavu, na lebo nyingi huagiza wawekwe kwenye jokofu. Aina za *Bacillus*, kama *Bacillus coagulans*, hujifunika kwa ganda gumu na kustahimili joto la chumba vizuri zaidi. Anayeishi kambini bila umeme wa uhakika afikirie kundi hilo la pili, au hamira iitwayo *Saccharomyces boulardii*, ambayo ina faida ya ziada ya kutouawa na antibiotiki. Popote utakapoihifadhi, funga kifuniko mara moja. Unyevu unaoingia kila chupa inapoachwa wazi huwaamsha bakteria kabla ya wakati, nao hufa ndani ya chupa.

Namna ya kumeza na kujijaribu

Meza pamoja na chakula chenye mafuta kiasi au muda mfupi kabla ya kula, kwa sababu asidi ya tumbo hupunguzwa makali na chakula na bakteria wengi zaidi hupita wakiwa hai. Usiichanganye kwenye uji au chai ya moto. Siku chache za mwanzo unaweza kupata gesi na tumbo kujaa. Ndiyo maana hakuna mtu anayepaswa kuanza katika wiki ya mashindano. Kwa anayejiandaa kwa safari, wiki mbili kabla ya kuondoka ndicho kipindi cha chini. Kwa marathoni, wiki nne ni salama zaidi, na hicho ndicho kipindi ambacho utafiti wa Uingereza nilioutaja ulikitumia.

Ukiwa kwenye antibiotiki, tenganisha dozi hizo mbili kwa saa mbili au zaidi.

Sasa lililo gumu ni kujua kama inakufaa. Mwanamichezo hubadilisha mambo mengi kwa pamoja, kwa hiyo akianza kidonge katika wiki ileile aliyopunguza kilomita, atakisifia kidonge. Njia ya kawaida ni kuandika wiki mbili bila kutumia chochote, kisha wiki nne ukitumia, kisha wiki mbili au zaidi baada ya kuacha, huku mzigo wa mazoezi ukiwa karibu sawa katika vipindi vyote. Bakteria wa probiotiki kwa kawaida hawaweki makazi ya kudumu. Wengi hutoweka kwenye choo ndani ya wiki moja au mbili baada ya kuacha, na hilo hufanya kipindi cha tatu kiwe na maana. Dalili zikipungua katika kipindi cha pili na kurudi katika cha tatu, una sababu ya kuendelea.

Daftari halihitaji kuwa na mambo mengi. Mstari mmoja kila jioni unatosha, kwa mfano: Jumanne, mita 800 mara nane, usingizi saa sita, maumivu ya miguu 4 kati ya 10, usumbufu wa tumbo 2 kati ya 10, choo mara moja kawaida, hakuna mafua. Kabla ya kuanza, andika kwenye ukurasa wa kwanza ni matokeo gani yatakayokufanya uendelee, kama vile siku za tumbo kuvurugika kupungua kwa nusu. Ukiliacha hilo liamuliwe mwishoni, fedha uliyokwisha kuitoa ndiyo itakayoamua. Kocha mwenye kundi anaweza kufanya vizuri zaidi kwa kuwaanzisha nusu ya wanamichezo wake mwezi huu na nusu nyingine mwezi ujao.

Wengine hupenda kupima damu. Kipimo cha CRP, protini ya damu inayopanda mwili unapokuwa na inflamesheni, hupatikana katika maabara nyingi za mijini, lakini muda wa kukipima ndio unaokipa maana: baada ya marathoni hufikia kilele siku inayofuata, na hata zoezi kali la juzi linaweza kukipandisha. Kama lazima upime, nenda asubuhi baada ya siku mbili au tatu za mazoezi mepesi, ukiwa huna mafua wala jeraha, na urudie katika hali ileile mwishoni mwa jaribio. Namba moja pekee haikuambii chochote kuhusu probiotiki.

Mursik, mtindi na togwa

Ni ajabu kidogo kuwauzia wakimbiaji wa Bonde la Ufa bakteria kwenye chupa, ilhali bingwa akirudi nyumbani hupokewa uwanja wa ndege kwa kibuyu cha mursik. Maziwa hayo ya Wakalenjin huchachushwa katika kibuyu kiitwacho sotet, ambacho ndani kimesuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwo, na hujaa bakteria wa asidi ya laktiki. Maziwa ya Wamaasai yaitwayo kule naoto yamechunguzwa pia, na kati ya bakteria wake wanaotawala yumo *Lactiplantibacillus plantarum*. Togwa ya Tanzania, inayotengenezwa kwa unga wa mahindi, mtama au ulezi na kuchachushwa kwa kimea, ina bakteria wa ukoo huohuo.

Vyakula hivi nasaba zao hubadilika kutoka jiko hadi jiko, hivyo haviwezi kuchukua nafasi ya bidhaa iliyofanyiwa utafiti pale unapotaka tokeo mahususi. Lakini kwa mwanamichezo mwenye afya anayetaka tu kuutunza utumbo wake, bilauri ya mtindi kila siku humpa pia protini na kalshiamu ambazo kidonge hakina. Masharti ni mawili. Maziwa yachemshwe kabla ya kuchachushwa, kwa sababu maziwa mabichi huleta ugonjwa wa bruselosisi, ambao homa zake zinaweza kumharibia mkimbiaji msimu mzima. Na kisha yasichemshwe tena, kwa sababu moto huua bakteria unaowatafuta. Mtindi wa dukani uliopashwa moto baada ya kuchacha, unaokaa kwenye rafu bila jokofu kwa miezi, ni chakula kizuri lakini si probiotiki.

Pia kuna njia ya kati. Huko Mwanza, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, vikundi vya akina mama vimetengeneza mtindi wenye *Lactobacillus rhamnosus* GR-1, nasaba inayojulikana, kwa ushirikiano na chuo kikuu kimoja cha Kanada. Uganda nako shirika la Yoba for Life limesambaza kwa wazalishaji wadogo pakiti za hamira ya mtindi yenye bakteria ambaye ni nakala ya GG, na pakiti moja hutosha lita nyingi. Ukipata mtindi wa namna hiyo karibu nawe, umepata nasaba iliyochunguzwa kwa bei ya chakula.

Bakteria hawa nao wanahitaji kula. Maharage, kunde, dengu, vitunguu na ndizi ambazo hazijaiva sana huwapa nyuzinyuzi wanazozichachusha. Punguza nyuzinyuzi hizo siku moja au mbili kabla ya mbio ili utumbo uwe mwepesi, halafu zirudishe baada ya mashindano.

Tahadhari ya dawa zilizokatazwa

Probiotiki haimo katika orodha ya vitu vilivyokatazwa ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni. Hatari iko kwenye chupa. Maabara ya Köln, Ujerumani, ilipochunguza virutubisho 634 visivyo vya homoni kutoka nchi 13, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba 94 kati yake, karibu asilimia 15, vilikuwa na homoni zisizoandikwa kwenye lebo. Kanuni za kimataifa humwajibisha mwanamichezo kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, na kusema kwamba hukujua hakufuti kosa. Anayeshindana katika kiwango cha kupimwa anunue bidhaa yenye alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, ahakikishe namba ya bechi iliyo kwenye chupa ndiyo iliyopimwa, na ahifadhi chupa pamoja na risiti hata baada ya kuimaliza. Jihadhari zaidi na unga unaochanganya probiotiki na vichocheo vya nguvu au mimea isiyotajwa majina. Mkenya mwenye shaka awasiliane na ADAK, shirika la taifa la kupambana na dawa hizo, kabla ya kumeza.

Nani asitumie, na lini uache

Kwa mtu mzima mwenye afya, madhara mengi ni ya tumbo kujaa na hupita. Hali ni tofauti kwa mwenye kinga iliyoshuka sana, anayetibiwa saratani, aliye na mrija kwenye mshipa mkubwa wa damu, au mwenye kongosho lililovimba vibaya. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2008 kwa wagonjwa wa kongosho ulikuta vifo vingi zaidi kwa waliopewa probiotiki. Watu hao wasianze bila daktari.

Wewe acha mara moja ukipata homa, upele au kuharisha kunakozidi. Acha pia jaribio lako la wiki nne likimalizika na daftari halionyeshi tofauti, hata kama chupa haijaisha. Unaweza kujaribu nasaba nyingine iliyofanyiwa utafiti kwa tatizo lilelile, mara moja zaidi na kwa utaratibu uleule; zikishindwa zote mbili, fedha ya chupa ya tatu nunua maziwa, ndizi na maharage. Iwapo imekusaidia, huna haja ya kuitumia mwaka mzima. Itumie kuanzia wiki nne kabla ya mbio kubwa hadi wiki mbili baada yake, au wakati wa kambi ngumu na safari ndefu, kisha pumzika hadi msimu mwingine.